Bunduki ya Kurudia Nyumbani

Houston, Texas

Baba mdogo,

Salio liliisha juzi kabla sijakujibu, na najua uliuliza huku ukicheka: siku balaa likiiangukia Texas, barabara zikafungwa na simu zikazima, nitabeba bunduki gani kutembea kwa miguu hadi kwa mke wangu na watoto? Kwako ulikuwa utani. Huku ni swali la watu wazima wenye nyumba na mikopo, na wanalijadili saa ya chakula cha mchana kwa uzito ule ule ambao Ijumbi mnaupa bei ya kahawa. Kwa hiyo nakujibu kwa maandishi, na kwa kirefu, maana mwenyewe hupenda kusema kwamba mtu wa kwetu akiulizwa saa huanza na historia ya mtengeneza saa.

Ninafanya kazi Pasadena, mashariki ya jiji, kwenye viwanda vya mafuta. Tunaishi Katy, upande wa magharibi. Katikati yake ni Houston nzima, zaidi ya kilomita 60, karibu sawa na mtu anayetoka Bukoba mjini kwenda Muleba. Siku ya kawaida naendesha gari saa moja na kidogo, nikilalamika. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipokaa juu yetu, kuna vitongoji vilivyopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa siku chache, na barabara ninayopita kila siku ikawa ya mitumbwi. Februari 2021 ikaja baridi kali, umeme ukakatika sehemu kubwa ya jimbo, mabomba yakapasuka. Julai 2024 kikaja kimbunga Beryl na kutuacha gizani katika joto la kuchemsha yai. Kwa hiyo wenzangu si wendawazimu. Wanajua siku ya kutembea inaweza kufika.

Kila mmoja wao ana begi ndani ya gari, wanaliita la kurudia nyumbani. Humo mna maji, tochi, kiberiti, soksi. Hadi hapo hatugombani. Ugomvi unaanza kwenye silaha.

Wa kwanza, jamaa mwenye mwili wa kubeba gunia mbili, anataka AR-15, bunduki inayofanana na za jeshi lao. Tupu ina kama kilo 3, na kila magazini ya risasi 30 inaongeza nusu kilo. Yeye anataka magazini sita. Wa pili anataka bastola, kwa sababu inafichika chini ya shati na haifiki kilo 1 hata ikiwa imejaa. Wa tatu ni mwindaji, mzee mkimya, na kusema kweli ndiye mwenye akili kuliko wote. Yeye anasema bunduki ndogo ya risasi za 22: kuna aina inayofunguliwa vipande vikaingia ndani ya kitako chake, na yote ina kilo moja na nusu hivi. Risasi zake 500 hazifiki kilo 2. Ukikosa chakula unapiga sungura. Nilimwuliza sungura gani anaishi kati ya Pasadena na Katy, akacheka na kusema hata njiwa wanaliwa.

Wewe ulibeba SAR ulipokuwa mgambo, unajua kilo 4 ni nini baada ya siku ya tatu. Uliwahi kutuambia kwamba katika vita vya Amin, njiani kuelekea Kampala, watu walitupa mablanketi, sufuria, hata viatu vya akiba, lakini bunduki huwezi kutupa, ndiyo inakubeba wewe. Niliwaambia wenzangu hilo. Yule wa kwanza akanyamaza kidogo, halafu akapunguza magazini mbili.

Sheria ya huku itakushangaza. Kwetu, tangu sheria ya mwaka 2015, mtu anayetaka bunduki lazima apitishwe ofisi hadi ofisi, akaguliwe tabia, na akipata kibali jirani wote wamekwisha kujua. Texas mwaka 2019 walitunga sheria inayomruhusu mtu anayekimbia eneo la maafa kubeba bastola bila leseni, kwa muda usiozidi saa 168 tangu hali ya maafa itangazwe. Wiki moja kamili! Wakaona kumbe haitoshi, na tangu Septemba 2021 mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria anabeba bastola bila kibali chochote, maafa yawepo yasiwepo. Nimesimama foleni ya mkate nyuma ya mtu mwenye bastola kiunoni. Hakuna aliyegeuka kumtazama isipokuwa mimi. Sisi wahamiaji hesabu yetu ni nyingine: kosa la silaha ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumpokonya mtu kadi yake ya kijani na kumrudisha alikotoka. Lakini hata tukiweka makaratasi kando, mimi sibebi, na sababu yangu ni New Orleans.

New Orleans ni mwendo wa saa tano au sita kwa gari kutoka hapa. Kimbunga Katrina kiliipiga tarehe 29 Agosti 2005. Siku sita baadaye, tarehe 4 Septemba, ndugu wawili weusi, Ronald na Lance Madison, walikuwa wanavuka kwa miguu daraja liitwalo Danziger, wakielekea ofisini kwa kaka yao mwingine, daktari wa meno. Yaani ndiyo safari yenyewe unayoniuliza, baba mdogo: balaa, miguu, ndugu upande wa pili. Polisi walifika ndani ya lori la kukodi na kuanza kufyatua risasi. Walipiga watu sita pale darajani, hakuna hata mmoja aliyekuwa na silaha. Ronald, mwenye umri wa miaka 40 na akili ya mtoto, alikufa, pamoja na kijana wa miaka 17 aliyeitwa James Brissette. Lance alikamatwa akituhumiwa kuwashambulia polisi kwa risasi. Kesi ilivyochimbwa, ikagundulika kwamba afisa mmoja alileta bastola kutoka nyumbani kwake ili iingizwe kwenye ushahidi, ionekane ilikuwa ya marehemu na wenzake. Maafisa walikiri makosa mahakamani mwaka 2016, miaka 11 baadaye.

Siku tatu kabla ya mauaji ya darajani, katika mji ule ule, Donnell Herrington alikuwa anatembea na wenzake wawili mtaa wa Algiers Point kwenda kwenye kivuko, ambako watu walikuwa wanachukuliwa na mabasi. Wakazi wazungu wa mtaa huo walikuwa wameweka vizuizi barabarani na kujipa kazi ya kulinda. Mmoja akampiga kwa bunduki ya marisau, ikampata shingoni. Alipona kwa bahati. Siku hiyo hiyo polisi wa mji wa jirani, Gretna, waliziba daraja na kufyatua risasi hewani ili watu wanaotoka kwenye mafuriko kwa miguu wasivuke.

Kama watu weusi mikono mitupu walionekana majambazi, mimi mwenye AR-15 begani nitaonekana nani? Jamaa yangu wa gunia mbili anaweza kutembea na yake hadi Katy na watu wakampungia mkono. Nilimwambia hivyo waziwazi. Alifikiri kwa muda, kisha akasema tutembee wote wawili. Ni mtu mwema, ila anaishi upande mwingine kabisa.

Utaniambia: mbona enzi zile mabasi yalipofika mapori ya Biharamulo, huko Kasindaga, yalisubiri askari wenye SMG wapande ndipo yaendelee? Nakubali. Nilikuwa mtoto ndani ya moja ya mabasi hayo na nikamwona yule askari amekaa karibu na mlango, bunduki katikati ya magoti, anakula ndizi mbivu. Abiria wote walitulia kwa sababu yake. Lakini yule alikuwa na sare, na aliyemwona alijua ametumwa na nani. Abiria wa siti ya nyuma angetoa gobore yake tungeruka madirishani.

Na Kagera hatuhitaji kuambiwa na mtu jinsi watu wanavyotembea wakati wa balaa. Oktoba 1978 ndege za Amin zilipodondosha mabomu Bukoba, kisha majeshi yake yakavuka Mutukula na kushuka hadi Kyaka, watu wa Missenyi waliowahi kuvuka mto Kagera walikuja kusini kwa miguu, na mapema Novemba daraja la Kyaka lililipuliwa nyuma yao. Bibi alisimulia waliofika kibanjani kwetu: mama mmoja alikuwa na kuku chini ya kwapa na redio isiyo na betri, mtoto mgongoni, na hakuwa na kisu cha kumenyea ndizi. Alichobeba cha maana hakikuonekana. Alifika mlangoni akataja ukoo wake na muziro, ule mwiko wa ukoo, bibi akamwuliza maswali mawili matatu ya ndoa za zamani, wakapatana kwamba ni dada kwa njia ya mjukuu wa fulani, na jioni analala ndani. Ndivyo walivyofika, ukoo kwa ukoo, kutoka Kiziba hadi Ihangiro. Na wewe mwenyewe uliniambia kwamba mlipokuwa mnalinda barabara, raia aliyekuja na mkuki au gobore ndiye aliyekalishwa chini akahojiwa hadi giza, na mama wa kuku akapita.

Miaka 16 baadaye, Aprili 1994, Ngara ilipokea Wanyarwanda kama 250,000 waliovuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi. Upande wetu wa mpaka wakaamriwa kuacha silaha, na picha za lile rundo la mapanga zilizunguka dunia nzima. Si kila panga lilikuwa limefanya uovu. Mengine bila shaka yalikatia kuni tu. Lakini askari wa mpakani hana njia ya kulihoji panga, kwa hiyo yote yalibaki pale pale.

Sasa shida yangu, waitu, ni kwamba kati ya Pasadena na Katy sina muziro. Nikigonga mlango wa mtu saa nne usiku na kutaja ukoo, atapiga simu polisi, kama simu zinafanya kazi. Nimelazimika kujitengenezea ukoo. Kusini-magharibi ya jiji, pande za Alief, wamejaa Wanigeria, Wakenya, Wakongo, na Watanzania wachache, na eneo hilo liko karibu njiani kama utakubali kuzunguka kidogo. Hapo anakaa dada mmoja wa Kijaluo tuliyesali naye kanisa moja, na familia ya kutoka Bukavu ambayo watoto wao wanacheza mpira na wangu. Kabla ya hapo, karibu na katikati ya mji, kuna fundi magari Mtanga ambaye gereji yake ina geti na tanki la maji. Nimeongea nao wote ana kwa ana. Nikachora njia inayopita kwao hata kama ni ndefu kuliko barabara kuu, na tumekubaliana kwamba na wao wakikwama upande wetu watalala kwetu. Mke wangu, ambaye ni nesi na zamu zake hazitabiriki, ana nakala ya karatasi hiyo hiyo ndani ya begi lake.

Badala ya bunduki nimeweka reflekta ya kazini, ile ya njano kama ya bodaboda, na helmeti nyeupe yenye jina la kampuni. Mtu mweusi anayetembea usiku kwenye mtaa usio wake ana maelezo ya kutoa. Akivaa reflekta na helmeti, watu wanadhani amekuja kurudisha umeme, watamletea na kahawa. Yule mwindaji alipoona begi langu alisema hiyo ndiyo silaha bora aliyowahi kuonyeshwa, na safari hii hakuwa anacheka. Septemba 2024 kimbunga Helene kilipobomoa barabara za milimani, baba mmoja kutoka South Carolina aliacha gari na kutembea usiku kwa maili nyingi, akawahi harusi ya binti yake Johnson City, Tennessee. Magazeti yaliandika kuhusu tope, giza na magogo. Habari ya majambazi sikuiona. Ile baridi ya 2021 nayo, hesabu rasmi ya jimbo ilitaja vifo 246, na wengi wao waliuawa na baridi yenyewe. Ndiyo maana nimeongeza sweta la pili na soksi, kilo zile zile ambazo zingekuwa risasi.

Na mimi nikuulize. Tetemeko la Septemba 2016 lilipopiga Bukoba, majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yaliharibika hadi wanafunzi wakarudishwa makwao, na nakumbuka tulivyohangaika kutwa nzima kumtafuta kijana wa shangazi kwenye simu isiyopokelewa. Leo tuna watoto wanne wanaosoma mjini, na sijawahi kusikia tumekubaliana kwamba mabasi yakikosekana wanalala kwa nani. Nakuomba ukae na shangazi mpange nyumba moja Kemondo, nyingine Muhutwe, watoto wapelekwe wakazione na wenyeji wazione sura zao. Andika majina kwenye karatasi, usitegemee simu. Yule bwana wa Kemondo tuliyezoea kumtegemea nasikia amehamia Mwanza, kwa hiyo anza na kumtafuta mwingine, na ukimpata niambie nimtumie kitu kidogo cha kufahamiana.

Mwanao,
Houston