Mombasa: Kisiwa cha maji chenye kiu

Ukisafiri kwa gari la moshi kutoka Nairobi, utashuka Miritini ukiwa bado bara. Sweta uliyoivaa asubuhi sasa ni mzigo. Umetoka mahali palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapa ni chini sana kuliko huko.

Mombasa yenyewe ni kisiwa kidogo cha takriban kilomita 14 za mraba, kilichokaa baina ya mikono miwili ya bahari: Tudor upande wa kaskazini na Kilindini upande wa kusini. Kilindini ni maji ya kina kirefu, kama jina lenyewe linavyosema, na ndiyo sababu meli kubwa hutia nanga huko. Kuingia kisiwani, utapitia Makupa ukitoka magharibi, utavuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, ukitoka kaskazini, au utapanda feri ya Likoni ukitoka kusini.

Hali ya hewa hutawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na zamani ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Mwishoni mwake, Februari na Machi, jua huwaka hadi zaidi ya nyuzi 32. Aprili huingia kusi pamoja na mvua za masika, ambazo hupamba moto mwezi wa Mei. Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi ya Pwani, ingawa mtu wa Limuru akiisikia baridi hiyo atacheka! Mvua za vuli hufuata Oktoba na Novemba.

Kwa mvua hizo zote, utadhani maji ya kunywa ni tele. La! Kisiwa kimejengeka juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu tele. Mvua hunywea chini, na maji ya visima vingi yana chumvi. Mto hakuna. Tangu miaka ya 1950 maji husafirishwa kwa bomba zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, Tsavo. Mengine hutoka Marere katika milima ya Shimba, na Baricho kando ya mto Sabaki. Mifereji ikikauka, wachuuzi huonekana mitaani wakisukuma mikokoteni iliyojaa mitungi.

Basi ukikaribishwa nyumbani kwa watu Majengo, na mwenyeji akakupa ndoo moja ya kuoga, usimwone bahili. Amekupa alichonacho.

Na kumbuka jambo hili pia: maji ya Mzima ni mvua iliyonyesha juu ya milima ya Chyulu ikapenya miambani. Anayekata miti ya Chyulu anafunga mfereji wa mtoto wa Mombasa.