Chupa ya Mjomba

Nilipomaliza darasa la saba mwaka 1989, mjomba wangu alinichukua Ngamiani, Tanga, nikamchanganyie saruji. Alikuwa fundi mwashi wa maneno machache. Siku hizo bafu la watu wa kawaida lilikuwa banda la uani: sakafu ya saruji iliyopigwa niru, mwenye uwezo kidogo akitia na rangi nyekundu, na ukuta umesilibwa plasta mpaka usawa wa kifua. Vigae vyeupe tuliviona hospitalini na kwenye nyumba za wakubwa kule Raskazone.

Mjomba alisifika kwa matangi na mabirika. Pale sakafu inapokutana na ukuta hakuacha pembe kamwe. Alijaza udongo laini wa saruji, akachukua chupa tupu ya soda, akailowesha, akaiburuta huku na huku akikandamiza, mpaka pembe ikawa mviringo kama ndani ya bakuli. "Pembe ni nyumba ya uchafu," alisema mara moja tu, hakurudia. Mimi niliona anatuchelewesha. Kulikuwa na kona nne kila tangi, na jua la Tanga mnalijua.

Nikaja Dar es Salaam mwaka 1998, tailizi zikanikamata. Wateja waliziita marumaru, na mpaka leo wanaziita hivyo, ingawa marumaru yenyewe ni jiwe, tena jiwe lisilopatana na asidi ya kusafishia choo. Nilijifunza grainda, nikajifunza kupima mistari kwa uzi, nikapata jina. Jina lenyewe lilitokana na kung'aa. Mwenye nyumba akiingia bafuni akijiona uso sakafuni, alinilipa bila kunung'unika.

Mwaka 2006 nilipewa bafu la watoto watatu, nyumba ya ghorofa Tabata. Baba alitaka samaki: vigae vyenye picha za samaki ukutani, sakafu ya seramiki inayoteleza kwa mng'ao, grauti nyeupe pe. Niliweka vizuri, hilo sitaona haya kulisema. Hakuna kigae kilicholia tupu nilipokigonga kwa sarafu. Wiki ya tatu nikaitwa. Mtoto wa kati alitoka kuoga akikimbia, akaanguka kidevu kikapasuka, akashonwa.

Baba hakugomba. Aliyenigombeza ni dada wa kazi, msichana wa miaka ishirini hivi. Alinipa brashi.

"Fundi, hebu piga magoti hapa."

Nikapiga. Kutoka chini bafu ni kitu kingine. Grauti niliyoiacha nyeupe ilikuwa ya kahawia kuzunguka choo, kwa sababu watoto wa kiume hawajui shabaha. Nyuma ya choo nilikuwa nimeacha upenyo ambao mkono hauingii ila vidole viwili. Kwenye pembe kulikuwa na utelezi mweusi unaotoka kwa mswaki tu. Samaki walishachubuka kwa stilwaya, maana dawa ya meno ikikauka haitoki kwa kitambaa. Mlango wa kabati la chini ya sinki, ule wa mbao za unga, ulikuwa umevimba kama mkate uliolowa chai.

"Mlipochagua hivi vitu," akauliza, "mlimuuliza nani?"

Hatukumuuliza yeye. Tangu siku ile, kabla sijaenda dukani na mteja, naomba kuzungumza na anayepiga deki. Wateja wengine hucheka. Mmoja aliniambia amemwajiri fundi, si mshauri wa ndoa, kwa sababu mazungumzo yale yalimfanya mkewe akumbuke mengi.

Sakafu ile ya Tabata niliing'oa kwa gharama yangu. Nikaweka poselini isiyong'aa, ile ambayo maji hayapenyi. Kuitambua ni rahisi: geuza kigae, dondoshea maji mgongoni. Seramiki ya ukutani huyanywa ukiyatazama. Poselini huyaacha yakae kama tone juu ya jani la mgomba. Kisha nilifanya jambo lililowachekesha wauzaji wa Kariakoo. Nilivua viatu, nikamwagia kigae maji ya sabuni, nikasimama juu yake. Nimefanya hivyo tangu wakati huo, na wauzaji wamenizoea.

Lakini hapo nako kuna mtego, nami niliuingia. Kwa woga wa utelezi, nyumba iliyofuata niliwawekea vigae vya kukwaruza, vile vya kandoni mwa bwawa la kuogelea. Hakuna mtoto aliyeanguka. Kitambaa cha deki kilichanika ndani ya mwezi mmoja, na uchafu ukajikita kwenye vile vipele usitoke. Siku hizi nalowesha kiganja, nakipitisha juu ya kigae: kigae kikiteleza sikitaki, kikikwaruza ngozi sikitaki.

Grauti naweka ya kijivu, mstari wa milimita tatu. Ile ya epoksi ni nzuri zaidi, hainywi mkojo wala haiogopi asidi, ila bei yake humfanya mtu akohoe, kwa hiyo huishia kuzunguka choo tu. Ya saruji huliwa na zile dawa za choo zenye asidi. Namwambia dada: dawa ile ndani ya choo, sakafuni sabuni na brashi. Halafu mteremko. Kila mita moja naishusha sentimita mbili kuelekea tundu la maji. Kigae kizuri kuliko vyote duniani, maji yakituama juu yake, ni utelezi tu unaongoja.

Mwaka 2013 nikaitwa kujenga vyoo vya shule ya awali. Mwongozo wa serikali kwa shule unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo tulikuwa na milango mingi midogo. Mwalimu mkuu alitaka vigae vya vikaragosi. Mimi nikamtafuta mfanya usafi, mama wa makamo ambaye watoto walimwita Bibi Maji.

"Shikamoo, bibi. Unataka sakafu gani?"

"Marahaba. Nataka nimwage ndoo, nisukume fagio, niondoke."

Sakafu isiyo na mistari, basi. Nikakumbuka terazo za majengo ya zamani ya serikali, zilizokanyagwa miaka na miaka zikabaki. Mwalimu mkuu aliona ni mambo ya kizee, nikamwachia vikaragosi ukutani, juu, maji yasikofika. Tulimwaga saruji yenye kokoto za marumaru, tukaisaga kwa mashine siku nne, uji wa kijivu ukaturukia mpaka masikioni. Jiwe la mwisho la kung'arisha nililizuia. Niliitaka ibaki na ukwaruzo kidogo wa kushika unyayo.

Tulipofika kwenye pembe nikasimama. Kijana wangu akaniuliza tunangoja nini. Nikamtuma dukani alete soda ya chupa ya kioo. Aliinywa yeye, nikaichukua tupu, nikailowesha, nikaanza kuiburuta. Miaka ishirini na nne ilikuwa imepita na mkono haukusahau.

Chupa za kioo zinazidi kuwa adimu, na za plastiki hubonyea ukizikandamiza. Kwa hiyo ile ya shuleni nikaiweka kwenye mkoba wa vifaa, pamoja na pima maji na mwiko. Mwaka jana mpwa wangu, ambaye sasa ndiye ananichanganyia saruji, aliiona, akaipeleka dukani kudai pesa ya chupa. Ilibidi tuongozane kuirudisha. Muuza duka alishaipanga kwenye kreti na nyingine zote, hatukuijua ni ipi, tukanunua mpya na soda yake.