Bwambale Yupi?

Azaliwaye Kyondo, katika milima ya wilaya ya Kasese, hupata jina lake kabla mzazi hajakaa kufikiri. Kwa desturi ya Wakonzo, mtoto wa kiume wa pili aghalabu huitwa Bwambale, na wa tatu Masereka. Mtoto wa kike wa kwanza ni Masika, na wa pili ni Biira. Ni desturi njema, kwani ukilisikia jina la mtu umekwisha kuijua nafasi yake mbele ya mama yake. Lakini hebu mfikirie askari polisi aliyehamishiwa Bwera kutoka mbali, amefungua daftari lake na kuuliza ni nani aliyeuona ugomvi sokoni. Akijibiwa “Bwambale”, amepewa nusu ya jibu. Na akivuka mto Lubiriha pale Mpondwe, akaingia kwa Wanande wa Kongo, atayakuta majina ni yale yale, ila Bwambale amekuwa Kambale na Masereka amekuwa Kasereka.

Sisi wenyewe hatutatiziki. Twasema Bwambale aliyefanya kazi Kilembe, Bwambale auzaye chumvi ya Katwe, Bwambale ambaye mama yake ni mkunga. Taabu huanza pale maneno hayo yanapotakiwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa la Uganda mwaka 1973, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo karatasi zilizo nyingi, ziwe za benki, za mahakama au za mafao, zingali za Kiingereza. Kambini watu huamrishana kwa Kiswahili, kisha huketi na kuandika barua kwa Kiingereza.

Nimekuwa nikiwafundisha majirani Kiingereza nyakati za jioni, na wengi wao ni wake wa askari. Sijaona jambo linalowasumbua, na kuwafaa baadaye, kama hili la “who”. Kiswahili kina urejeshi wa kila ngeli: mtu aliyekuja, kitabu kilichopotea, barua iliyochelewa. Mwingereza ana ubahili katika jambo hili. Mtu humpa “who”, na kisichokuwa mtu hukipa “which”, basi. Kwa kuwa Kiswahili humheshimu mbuzi kama kimheshimuvyo mtu, tukasema mbuzi aliyeibwa, mwanafunzi wetu huandika “the goat who was stolen”. Mbuzi huyo wa Kiingereza anataka “which”. Kosa hili huchekesha tu, haliharibu kesi.

Kosa baya zaidi ni la kumtaja mtu mara mbili. Katika neno “niliyemwona” tumezoea kumweka yule mtu ndani ya kitendo, kwa ile “m”. Kwa hiyo mtu hutafsiri na kusema “the man whom I saw him”. Kiingereza kikishasema “whom” kimetosheka: “the man whom I saw”. Hali kadhalika “ambaye mama yake” huzaa “who his mother”, hali neno lake moja ni “whose”: “Bwambale, whose mother is a midwife”. Mimi hulipenda neno hili “whose” kuliko yote, kwa maana ndilo limfungalo mtu na jamaa zake, na kwetu mtu bila jamaa hajulikani.

Hapo ndipo tunapogongana na majina ya udugu. Mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, wote kwa Mwingereza ni “uncle”. Shangazi na mama mdogo ni “aunt”. Wifi hana jina lake mwenyewe. Hutupwa pamoja na shemeji wa kike katika “sister-in-law”. Kinyume chake, pale sisi tunaposema ndugu bila kubagua, Mwingereza hubagua: aliyezaliwa na wazazi wako ni “brother”, wa baba mmoja na mama mbalimbali ni “half-brother”, na mtoto wa baba mkubwa ni “cousin”. Kumwita mtoto wa baba mkubwa “cousin” huonekana kwetu kama kumfukuza nyumbani. Naielewa hisia hiyo, lakini karatasi haiielewi.

Namjua mjane mmoja wa askari, huko huko milimani. Marehemu mumewe alipojaza fomu yake, kabla hajaoa, penye nafasi ya jamaa wa karibu aliandika “my brother” na jina Masereka, wala hakuibadili baada ya ndoa. Kwa lugha ya nyumbani hakukosea hata kidogo: aliyemkusudia alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa, aliyemsomesha tangu utotoni. Lakini ndugu yake wa tumbo moja naye alikuwa mtoto wa tatu, naye alikuwa Masereka. Alipofariki, ofisi moja ikauliza ni Masereka yupi. Huyu akaja na barua yake, na yule na yake. Barua zikapanda na kushuka mlima msimu mzima wa kahawa, na karo ya watoto ikangoja. Ndugu hao wawili, waliokuwa wakilima pamoja, hawakusalimiana kwa muda mrefu. Maneno yaliyokosekana hayafiki mstari mmoja na nusu wa daftari: “my cousin Masereka, who is the son of my father's elder brother and who paid my school fees”.

Liko jambo jingine dogo kwa umbo, nalo ni mkato. Askari aandikapo “My wife, who lives in Kyondo, will collect the money”, akiweka mikato miwili, maana yake ni kwamba anaye mke mmoja, na habari ya kukaa Kyondo ni nyongeza. Akiiondoa mikato, akaandika “My wife who lives in Kyondo”, Mwingereza huelewa kwamba wako wake wengine, na kwamba wa Kyondo ndiye achukuaye fedha. Bibi aliyejifunza sarufi akiisoma barua ya namna ya pili ana haki ya kuuliza huyo mwingine anakaa wapi! Kwa polisi si mzaha. “The brother who was drunk” ni mmoja miongoni mwa ndugu, aliyetengwa na wenzake kwa ulevi wake. “The brother, who was drunk” ni ndugu ambaye tayari tunamjua, tukaongeza tu kwamba alikuwa amelewa. Atakayeyaandika maelezo ya shahidi na amsikilize anapopumua. Tena neno “that”, ambalo wengi hulikimbilia kwa urahisi wake, haliwekwi katika maneno ya nyongeza kama hayo yafuatayo mkato. Hapo ni “who” kwa mtu na “which” kwa kitu.

Baba akiwa likizoni, zoezi hili lafaa kufanywa mezani baada ya chakula. Kila mmoja amweleze jamaa mmoja kwa Kiingereza pasipo kumtaja jina, na wengine wamtambue. “She is the aunt who married a man from Bwera.” Ikiwa shangazi walioolewa Bwera ni wawili, msemaji aendelee: “She is the aunt whose first daughter is called Masika.” Wakiwa wote wawili wana Masika, kama ilivyo kwa kila mwenye binti, aendelee tena, mpaka abaki mmoja. Nyumbani kwa jirani yangu, binti wa miaka kumi na mmoja alifika kwenye “who” ya nne, babu yake akiwa amekwisha kusinzia, ndipo akatambulikana shangazi aliyekusudiwa: ni yule aliyekuwa amekaa mlangoni, akimenya ndizi na kunyamaza.