Uyoga wa Miombo ya Tabora

Mvua zikishakolea Tabora, kuanzia Novemba hadi Machi, ardhi ya miombo hutoa riziki isiyopandwa na mtu. Tulishika njia ya Urambo baada ya sala ya Alfajiri, na hatukwenda mbali tukawakuta akina mama kando ya barabara na ndoo zao za uyoga. Bibi mmoja alikubali tufuatane naye porini.

Macho yake yalikuwa juu, kwenye miti. Kila alipouona mtundu mkubwa alipunguza mwendo. Nyuzi nyembamba za uyoga huizunguka mizizi ya mti, zikaupatia maji na madini. Mti nao huzilisha sukari itokayo majanini. Ndiyo maana ule wa manjano, wenye umbo la faneli na unaogombewa sokoni, haustawi shambani kama mahindi, na pale miombo ilipofyekwa kwa kuni za kukaushia tumbaku, hutoweka. Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine: hulimwa na mchwa wenyewe, na katika jamii yake umo ambao kofia hufikia mita 1. Mwavuli kamili!

Wasomaji watakumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoitaja al-kam'a kuwa ni katika mana. Hiyo huchimbwa chini ya mchanga wa Arabuni, nayo pia hufungamana na mizizi ya vichaka. Isichukuliwe kuwa ruhusa ya kula kila kinachochipuka porini.

"Bibi, wenye sumu mnautambuaje?" tuliuliza.

Aliuchimbua mmoja pamoja na kitako chake, akatazama kama chini una kifuko, kama shina lina pete, na vikunjo vilivyo chini ya kofia vina rangi gani. "Wanangu, mimi nala ule alionionyesha mama yangu. Nisioujua nauacha hapo hapo."

Wapo wanaotegemea kijiko cha fedha kigeuke cheusi, au kitunguu kibadilike rangi, au alama za wadudu. Vipimo hivyo vyote ni batili. Hata kifuko peke yake hakitoshi: wataalamu wameuita Amanita masasiensis, kwa jina la Masasi, uyoga unaoliwa huko, ilhali wengine wa ukoo huohuo wa Amanita huua. Sumu ya hao haiondoki kwa kupikwa. Mlaji huanza kutapika na kuharisha baada ya saa 6 hadi 12, pengine zaidi. Kisha hupata nafuu, jamaa wakashukuru, kumbe ini linaharibika. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja na mabaki ya uyoga, hata akisema amepona.

Bibi alifuatana na mjukuu wake, mtoto wa miaka 7 hivi. Kila uyoga aliouleta, alitakiwa kuutaja jina na mti alioukuta chini yake. Mara mbili alikosea, na mara mbili uyoga ulitupwa.