Mto Nyuma ya Globe

Sisi watoto wa Ngara tuliuvuka Mto Nairobi karibu kila siku bila kuutazama. Unateremka Murang'a Road, unafika raundabauti ya Globe, unakaza mkono kwenye mfuko wenye nauli, unapita mbiombio, na kufumba na kufumbua uko Moi Avenue. Mama hakuwa na masharti mengi kuhusu mjini ila hilo moja: Globe hakusimamwi. Chini ya daraja walikaa chokoraa na chupa zao za gundi, na zaidi ya hao hakuna mtu aliyekuwa na shughuli na mto ule. Hata harufu yake tuliiita harufu ya Globe.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini mwishoni. Kutoka Globe kupanda na mto kuelekea Museum Hill, pale kando ya Kipande Road, palikuwa na gereji za jua kali zilizobanana hadi ukingoni. Magari yasiyo na milango, injini zimelazwa juu ya magunia, udongo mweusi uliolowa oili kiasi kwamba mvua ikinyesha unang'aa rangi za upinde. Mjomba wangu alikuwa na nafasi yake humo. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi na kupiga rangi, na alikuwa fundi hasa. Gari lililobondeka ubavu mzima lilitoka kwake huwezi kujua kama liliwahi kuguswa. Maji ya kuoshea aliyachota mtoni kwa mtungi wa mafuta ya kupikia. Oili chafu ilirudi kulekule yalikotoka maji. Mimi nilitumwa kumpelekea chakula siku za likizo, na nilijua kila tundu la ukuta wa mabati pale, lakini ukiniuliza mto ulikuwa na upana gani ningekujibu kwa kubahatisha. Mafundi wote waliupa mgongo. Vibanda vilitazama barabarani, kwenye wateja.

Ng'ambo ya pili, kwenye mteremko wa upande wa Slip Road, baadaye kukawa na Soko la Wamasai kila Jumanne. Vyondo, shanga, vinyago vya mawe ya Kisii, blanketi zimetandazwa chini, wazungu wakipatana bei na akina mama waliokuwa wamewashinda ujanja tangu salamu. Wauzaji nao waliupa mto mgongo. Nikikumbuka sasa naona hilo ndilo lililokuwa jambo la ajabu kuliko oili: mto ukikatiza katikati ya jiji, na kila jengo, kila duka na kila kibanda kimeugeukia kwa nyuma.

Shuleni tulipelekwa makumbusho, pale Museum Hill, kama kila mtoto wa Nairobi. Tulilipa, tukaingia Snake Park, tukapanga foleni kumtazama mamba amelala kwenye dimbwi la saruji. Mto wenyewe ulikuwa unapita bondeni, hatua chache tu chini ya kuta zile. Mwalimu hakuutaja. Daraja la karibu na hapo liliitwa Ainsworth, jina la John Ainsworth, mtawala wa Kiingereza wa miaka ya kwanza ya mji, ambaye hujulikana pia kwa kupandisha mikaratusi ili inyonye kinamasi. Reli ilipofika mwaka 1899 hapa palikuwa na mafunjo na maji yaliyotuama. Mwaka 1902 tauni ilipoingia kwenye maduka ya Wahindi, wakubwa waliyatia moto. Kwa hiyo tangu mji ukiwa mchanga, maji ya bonde hili yalitazamwa kama ugonjwa unaotakiwa kukaushwa au uchafu unaotakiwa kwenda zake. Mji ukakua juu ya mazoea hayo. Sensa ya 1979 ilikuta watu wasiofika milioni moja Nairobi. Ya 2019 ilikuta zaidi ya milioni 4.3. Mitaa iliyoota huko juu ya mto, mingi haikuwahi kupata bomba la majitaka.

Ndipo akaja Michuki.

Vijana wa sasa wanalijua jina hilo kwa bustani iliyopo hapo mtoni leo, lakini mtu wa umri wangu akisikia "Michuki" anashika mkanda wa gari. John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi ndiye aliyezifunga matatu vidhibiti mwendo, akaweka mikanda na mstari wa manjano, akapunguza abiria wa Nissan hadi 14. Hiyo ni 2004. Siku zile za mwanzo matatu ziligoma, watu wakatembea kwa miguu hadi mjini, naye hakurudi nyuma. Kwa hiyo mwaka 2008 alipopewa wizara ya mazingira na kutangaza kwamba ataanza kuusafisha Mto Nairobi kutoka hapo kwetu, gereji zote zilijua maneno yamekwisha. Mjomba alituambia mezani, bila hasira, "Huyo mzee akisema kesho, ni kesho."

Waliondolewa. Sitasema kwamba ilifanyika kwa upole, wala sitajifanya kwamba nilisikitika kama mjomba alivyosikitika. Mimi nilikuwa na kazi ofisini na nilikuwa nimechoka na moshi wa Kipande Road. Yeye alihamia Kariobangi Light Industries na vifaa vyake kwenye mkokoteni. Wateja wa Parklands na Westlands hawakumfuata hadi huko. Alianza upya akiwa na miaka hamsini na kitu, na kwa muda mrefu ukitaja mto mbele yake alibadilisha mazungumzo.

Nyuma yake ukingo ulifanyiwa kazi ambayo sikudhani ingewezekana. Takataka za miaka zilizolewa, udongo mpya ukamwagwa, nyasi zikapandwa, miti ya kienyeji na mianzi ikasimama mahali palipokuwa na mifupa ya Peugeot. Nakumbuka mara ya kwanza nilipokwenda kuketi pale saa ya chakula cha mchana na wenzangu wa ofisini. Tulikuwa na chapati zetu kwenye karatasi, na hakuna aliyejua tukae tumeelekea wapi. Mazoea ya kuupa mto mgongo yalikuwa yameingia mwilini. Mwishowe mmoja wetu akageuka, nasi tukageuka.

Maji, kusema kweli, yalikuwa yamebadilika kidogo tu. Oili ilipungua kwa sababu gereji za hapo hazikuwepo tena, lakini mto hauanzi Kipande Road. Unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unapita mashamba, unapita mitaa, unapokea vijito, na ukifika Museum Hill umeshabeba kila kilichotupwa njiani. Ukingo ulipambwa, kilichokuwa kikipita katikati yake kilikuwa kilekile cha majirani wa juu. Michuki alilijua hilo, maana alikuwa akizungumzia bonde zima, ila kipande hiki ndicho kilichokamilika mbele ya macho ya watu.

Alifariki Februari 2012. Bustani ikapewa jina lake, nayo ikaanza kufa taratibu.

Kipindi kile hakina mengi ya kusimulia, kwa kuwa hakuna siku moja ambayo mtu angesema leo imeharibika. Nyasi zilikauka bila kumwagiliwa. Uzio ulitoboka mahali, kesho pakatoboka pengine. Watu waliokosa pa kulala walirudi chini ya miti, na jioni wakaja wengine waliotafuta simu za wapita njia. Mimi mwenyewe niliacha kupitia ndani, nikarudi kwenye sheria ya mama. Nikitaka kivuli Jumapili nilikwenda Arboretum, karibu na Ikulu, ambako miti ilianza kupandwa 1907 kujaribiwa kama ingefaa kuni za garimoshi, na ambako leo vikundi vya maombi vimejigawia vivuli vyote kabla hujafika. Huko nako kuna mto, Kirichwa Kubwa, unaopita pembeni na mwishowe kuingia huuhuu wetu. Sijawahi kumsikia mtu akisema anakwenda Arboretum kuona mto.

Nina wazo langu kuhusu miaka hiyo, na wenzangu wa Ngara hawakubaliani nami wote. Michuki Park ilikuwa bustani ya mtu mmoja. Ilisimama kwa sababu waziri mmoja aliogopwa, na aliyeogopwa alipoondoka hapakuwa na bajeti wala walinzi wala kikundi cha wakazi kilichosema hii ni yetu. Sisi tulioketi pale na chapati zetu tuliipokea kama zawadi, na hatukuuliza nani atafagia.

Mwaka 2020 mambo yaligeuka tena. Nairobi ilikuwa imewekwa chini ya NMS, idara ya huduma za jiji iliyoongozwa na Meja Jenerali Badi, waziri wa mazingira alikuwa Keriako Tobiko, na wakati wa korona kila mtu alikuwa anatafuta mahali pa wazi pa kupumulia. Bustani ikasafishwa upya, ikawekwa mikononi mwa shirika la misitu, KFS, na hilo la mwisho ndilo lililonipa matumaini zaidi ya maua yote. Askari wa misitu wenye sare za kijani wakaonekana langoni. Njia zikawekwa kabro, viti vikaja, vidaraja vya miguu vikavuka mto. Uhuru Park ilipofungwa mwaka uliofuata kwa ukarabati, watu wake wakahitaji pa kwenda, na baadhi walituangukia sisi: wapiga picha na kamera zao shingoni, wapenzi wa Jumamosi, wanafunzi wa chuo kikuu waliovaa majoho ya mahafali wakipigana vikumbo mbele ya mianzi.

Tangu hapo naenda mara nyingi, zaidi na binti yangu. Sauti ya pale si ya porini hata kidogo. Kuna matatu za Ngara zikipiga honi, na tangu 2022 kuna Expressway ikinguruma kule juu Museum Hill. Lakini korongo husimama kwenye mawe, na watoto huwahesabu. Akina mama wa nyumba za reli huja na watoto mgongoni saa nne asubuhi kama wanaokwenda uani kwao. Mchuuzi wa soksi aliyechoka kukimbizana na kanjo mjini huja kulala usingizi wa nusu saa akiwa ameegemea bidhaa zake, na askari humwacha mradi hauzi. Sina hakika kama hilo limeandikwa kwenye sheria yoyote, na nisingependa kuuliza.

Aprili 2024 mvua ilipopita kiasi, mto ulipanda ukaingia bustanini. Nilipita siku chache baadaye nikakuta mifuko ya plastiki imening'inia kwenye mianzi juu ya usawa wa kiuno changu, kabro zimefunikwa tope, kiti kimoja kimesukumwa kando. Wafanyakazi walikuwa wakichota matope kwa sepetu, na baada ya muda si mrefu watoto walikuwa wakikimbia palepale. Mathare, maji yaleyale ya mvua yaliwakuta watu wamelala ndani ya nyumba zao. Baadaye serikali ilitangaza watu waondoke mita 30 kutoka mtoni, na matingatinga yakabomoa. Mimi nilikumbuka mkokoteni wa mjomba. Kuna tofauti gani kati ya kuhamishwa ili pawe na bustani na kuhamishwa ili usife, nilijiuliza, na jibu nililopata ni kwamba anayehamishwa anauliza swali lingine kabisa: niende wapi.

Huko chini Korogocho vijana wenyewe walikuwa wameshafanya jambo lao zamani kidogo, bila kusubiri waziri. Walisafisha kipande cha ukingo wa mto huu huu, wakapanda miti, wakaweka pa kuchezea watoto, mahali palipojulikana kwa taka na kwa maiti zilizotupwa usiku. Na mwezi wa Machi 2025 Rais Ruto alikwenda upande huo huo kuzindua mradi mkubwa wa kuufufua mto, na sasa vijana wenye vizibao vinavyong'aa wanaonekana mtoni na sepetu zao. Nasubiri nione nani atakuwa akifagia mwaka wa tano.

Mjomba alikataa kuja kwa miaka mingi. Hatimaye alikubali mwaka jana, alipokuja Ngara kwa matanga, na nadhani alikubali kwa sababu binti yangu ndiye aliyemwomba.

"Babu, twende ukaone mto."

"Mto gani tena? Mimi huo nimeunywa," alisema, lakini akachukua kofia.

Tuliingia kwa lango la upande wa Globe. Alitembea polepole akipima kwa macho, kutoka ukuta hadi barabara, kutoka barabara hadi kona ya mto, mpaka akasimama kando ya mti mmoja mnene na kumwambia binti yangu kwamba hapo ndipo alipolipaka rangi gari la daktari mmoja Mhindi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mwenyewe hakuipenda. Hakusema zaidi kuhusu hilo. Nilimwonyesha kiti, akakataa. Alitaka kuona daraja.

Tulipofika katikati ya kidaraja, alipitisha kidole kwenye vyuma vya pembeni, pale viungo vilipochomelewa, akainama akachungulia chini yake, akakwaruza kutu kwa ukucha wa dole gumba.

"Mama," aliniambia, "miti wamepanda vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini aliyechomelea hapa hakuwa fundi. Nani amepewa hii kazi?"

Nikamwambia sijui, labda kandarasi.

"Basi mpigie simu huyo askari wenu wa kijani," alisema, akiwa bado ameinama. "Mwambie nina vijana wawili Kariobangi, tunaweza kuja Jumatatu."