Nilimzuga bibi, Sheikh Farsy akaniumbua!

Leo nina la kukiri. Kuna Ramadhani moja nilimwibia bibi yangu maana ya Kurani. Si utani.

Ilikuwa Magomeni, mwaka 1996, niko kidato cha pili. Bibi, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na ile tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Kiarabu huku, Kiswahili huku, maelezo kibao chini. Tatizo, bibi alisoma chuoni tu. Herufi za Kiarabu anazitiririsha kama maji, za kizungu hazijui. Mimi za kizungu nazijua, ila za Kiarabu, pamoja na bakora zote nilizokula chuoni, zilishanitoka. Basi tukagawana kazi. Kila baada ya tarawehe anasoma aya, halafu ananigeukia: "Haya mume wangu, Mwalimu anasemaje?"

Alimwita Mwalimu, si Sheikh, na hakukosea. Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alianza kufundisha shule za serikali mwaka 1933, baadaye akawa mkaguzi wa shule. Ukadhi wa Zanzibar aliupata mwaka 1960, anakaribia miaka hamsini. Mtu aliyekaa na wanafunzi muda wote huo anaijua vizuri sura ya mtoto aliyekariri kitu asichokielewa. Mimi naamini tafsiri ile ilianzia hapo, darasani.

Kiswahili kilikuwa na tafsiri nyingine kabla yake: ya padri Godfrey Dale ya mwaka 1923, na ya Waahmadiya ya mwaka 1953. Farsy alianza kutoa yake vipande vipande angali Unguja. Mwaka 1964 yakaja mapinduzi, mwaka 1967 akahamia Kenya, mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu kule, na mwaka 1969 kitabu kizima kikatoka Nairobi. Kahama nchi, kazi kahama nayo!

Si kwamba kila mtu alimpenda. Alikuwa mkali kwa mambo aliyoyaona ya kuzusha katika dini, na mwaka 1977 akayatolea kabisa kitabu, Bid'a. Masheikh kadhaa walimkasirikia. Hata bibi, mpenzi wa maulidi, kuna maelezo nikimsomea anaguna, "Hapo Mwalimu kanionea," kisha ananiambia niendelee.

Sasa twende kwenye wizi wangu. Usiku ule washkaji walikuwa wananisubiri kwenye keramu. Bibi kafika mwisho mwisho wa Sura ya Ng'ombe, kwenye aya moja ambayo haimaliziki. Nikatupia macho Kiswahili chake, ukurasa mzima! Nikaona isiwe taabu. "Bibi, anasema mkikopeshana muandike. Basi."

Akavua miwani.

"We mtoto. Aya nimeisoma mpaka pumzi zinakata, maana yake ndiyo maneno matatu?"

Nilikuwa nimejikwaa kwenye aya ndefu kuliko zote katika msahafu. Nikairudia yote, kichwa chini. Kuna mwandishi aandike kwa haki, kuna mashahidi, na msichoke kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Bibi kimya. Aliuza khanga kwa mkopo miaka na miaka, hesabu zote kichwani, na kila mwaka kuna waliomkana mchana kweupe.

"Miaka hamsini naisoma hii," akasema, "kumbe inanisema mimi."

Asubuhi yake nikatumwa daftari. Mwandishi nikawa mimi, mashahidi mama na jirani. Na kwa kuwa aya inasema dogo au kubwa, aliniandikisha hata shilingi 500 nilizomkopa kununulia kaseti.

Farsy mwenyewe hakuwepo tena. Alifariki Muscat, Oman, mwaka 1982. Bibi alimfuata mwaka 2003. Baada ya hitima mama alilitoa lile daftari, tukapitia majina mbele ya wajomba. Karibu wote walishalipa, wamekatwa mstari. Walibaki wawili: mama mmoja wa Ilala aliyeleta zake wiki ile ile, na mimi.

Nilitoa ile 500 pale pale, mbele ya watu. Mama akaipokea, akaniambia nikate mstari mwenyewe.