Angefika Mbali

Mkimbiaji wa mita 100 akishaitwa kwenye mstari, huvua traksuti, huikunja au huitupa tu, na kuitia kwenye kikapu cha plastiki kilichoandikwa namba ya njia yake. Bunduki inalia. Baada ya sekunde kumi na kitu yeye yuko upande ule mwingine wa uwanja, na nguo zake bado ziko huku. Lazima mtu azibebe. Julai 2017, pale Kasarani, mmoja wa watu hao nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni, na nilikuwa nimejiandikisha kuwa mhudumu wa kujitolea katika Mashindano ya Dunia ya riadha kwa vijana wa chini ya miaka 18. Wenzangu wengine walipangiwa kazi za kujivunia: kutafsiri, kupokea wageni mashuhuri, kusimama karibu na kamera. Sisi tulikuwa nane, mmoja kwa kila njia, tukipangwa mstari kama watoto wa chekechea. Tulipewa maagizo matatu: usikimbie, usimsemeshe mwanamichezo kabla hajashindana, usichanganye vikapu. Mengine tulijifunza wenyewe. Tulijifunza kwamba ndani ya kikapu mna vitu ambavyo televisheni haivionyeshi, kama rozari, soksi zilizotoboka kidoleni, ndizi iliyomenywa nusu. Simu hazikuwemo, maana haziruhusiwi kupita chumba cha kuitia majina. Kwa hiyo kijana akishamaliza mbio na kushindwa, hakuwa na skrini ya kujifichia. Alibaki kusimama, akimsubiri mtu wa kikapu.

Na ndipo nilipowaona. Televisheni humfuata mshindi, na sisi tulikuwa tunawafuata wote. Namkumbuka mvulana mmoja wa mita 200 kutoka nchi ya visiwa ambayo sikuwahi kuisikia. Katika mchujo alimaliza wa saba. Nilipofika na kikapu, hakuchukua nguo. Aliniuliza kama anaruhusiwa kubaki na namba yake ya kifuani. Nikamwambia ni yake. Akaanza kutoa pini moja moja, polepole, asije akaichana karatasi. Alipomaliza aliikunja akaitia ndani ya soksi, ndipo akavaa traksuti. Jina lake halikutangazwa tena wiki ile.

Siku za mwanzo nilikuwa nikiwaona kama watu wazima waliopungua urefu, mpaka nikaanza kuangalia vifaa. Tufe la wavulana lilikuwa la kilo 5, wakati wanaume hutupa la kilo 7.26. La wasichana lilikuwa la kilo 3, si 4. Mkuki wa wasichana ulikuwa wa gramu 500. Viunzi vya wavulana vilishushwa hadi sentimita 91.4, na mbio za kuruka viunzi na maji zilikuwa za mita 2,000 badala ya 3,000. Waliotunga kanuni walikaa wakakubaliana kwamba huyu bado ni mtoto, mifupa yake haijakomaa. Lakini bendera mgongoni ilikuwa ya saizi ileile ya watu wazima, ikiwaburuzikia baadhi yao, na hakuna nchi niliyoisikia ikipigiwa wimbo wa taifa wa watoto.

Mashindano yale yalikuwa ya kumi, na yalikuwa ya mwisho. Yalianza mwaka 1999 katika mji wa Bydgoszcz, Poland, na shirikisho la riadha duniani lilikuwa limeshaamua mwaka 2016 kwamba baada ya Nairobi hayatakuwepo tena. Marekani, Uingereza, Kanada na Australia ni miongoni mwa nchi ambazo hazikuleta timu, kwa hofu ya usalama. Magazeti yetu yaliandika sana kuhusu hilo. Uwanjani sikuona mtu aliyewakumbuka. Siku ya mwisho Kasarani ilijaa mpaka ngazi za katikati ya viti zikawa viti, na watu waliimba hata kwa mashindano ya kuruka juu, jambo ambalo kwa Mkenya wa kawaida ni muujiza, maana sisi hujua riadha kuwa ni mbio, na mbio kuwa ni zile zinazozidi mizunguko miwili. Afrika Kusini iliongoza kwenye jedwali la medali. Kenya ikawa ya nne, kwa medali 15.

Baadhi ya wale watoto mnawafahamu. Mvulana wa Ethiopia aliyeshinda mita 3,000, Selemon Barega, alikwenda kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 pale Tokyo. Msichana wetu aliyepata fedha katika mita 400, Mary Moraa, ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2023, Budapest. George Manangoi alishinda mita 1,500, na mwezi uliofuata kaka yake Elijah akashinda mbio hizohizo kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa, London. Ukisimulia hivi, hadithi inakwenda yenyewe. Mbegu ilipandwa Kasarani, mti ukamea kwingine.

Ndiyo maana watangazaji wetu huwaita chipukizi. Wanariadha chipukizi, mabondia chipukizi, hata waandishi chipukizi, kundi ambalo nadhani nami nimo. Ni neno zuri, lina umande. Lakini mimi ni mwanafunzi wa isimu, na nimelichunguza neno hili mpaka limenikera. Chipukizi hana thamani yake mwenyewe. Thamani yake ipo kwenye mti utakaokuja. Ukimwita msichana wa miaka kumi na sita chipukizi, umeshamwambia kwamba mbio alizokimbia leo ni ahadi, na ahadi hudaiwa.

Mdogo wangu anadaiwa hadi leo.

Alizaliwa 2001, kwa hiyo umri ulimruhusu kushindana Kasarani mwaka ule. Alikuwa akikimbia mita 800. Nyumbani ni Trans Nzoia, nje kidogo ya Kitale, nchi ya mahindi, na watu wanaoishi kwingine hudhani sisi sote huku huzaliwa tukikimbia. Wengi wetu huzaliwa tukipalilia. Yeye alipenda mbio kwa sababu, kama alivyowahi kuniambia, kwenye mbio hakuna anayekutuma maji. Muhula wa kwanza wa 2017 alipita mashindano ya shule, ya kaunti ndogo na ya kaunti, akafika ya mkoa. Mimi nilikuwepo. Uwanja ulikuwa wa nyasi, njia zimechorwa kwa majivu, na mvua ya jana yake ilikuwa imeyafuta kwenye kona ya pili, kiasi kwamba kila aliyefika pale alikisia. Alitoka wa tano kwenye kengele, akapita mmoja, akapita mwingine, akamaliza wa tatu. Dakika mbili, sekunde nane nukta nne, kwa saa ya mkononi ya mwalimu wake. Waliokuwa wakichukuliwa ni wawili.

Alitapika kando ya ua. Kisha akainua kichwa akanitazama akiwa anacheka, meno yote nje. Mwalimu alimwandikia muda ule nyuma ya daftari la hesabu, naye akakata karatasi ile kwa uangalifu akaiweka ndani ya Biblia yake. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kiasi kile, na hapo nawajumuisha niliowaona baadaye wakiwa na dhahabu shingoni.

Julai alikuja Nairobi, akalala kwa shangazi Githurai, akaiona fainali ya mita 800 ya wasichana kutoka majukwaa ya juu. Mkenya alishinda. Tuliporudi kwa matatu nilikuwa namwangalia kwa jicho la pembeni nikitafuta huzuni. Alikuwa anahesabu kwa vidole, akipiga hesabu ya kasi ya mzunguko wa kwanza. Akasema, “Si watu wa ajabu. Ni wasichana tu.” Sikujua kama lile lilikuwa neno la kujipa moyo au la kuaga.

Alikimbia miaka miwili zaidi. Muundi ulianza kumuuma, akapumzika, ukaacha, ukaanza tena. Hakuwahi kurudi kwenye ile nane nukta nne. Mwaka 2019 alifanya mtihani wa kidato cha nne, na Januari iliyofuata hakuenda mazoezini. Hapakuwa na kilio wala tangazo. Aliacha kuamka saa kumi na moja.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na msiba. Viatu vyake vya spaiki vilibaki vimetundikwa kwenye msumari sebuleni, karibu na kalenda, na mgeni akiviuliza, Mama alisema, “Huyu angefika mbali.” Mjomba husema hivyo harusini. Jirani husema hivyo akija kuomba chumvi. Angefika mbali. Nimesikia sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba niliichukua nikaifanya mada ya tasnifu yangu ya uzamili, ingawa msimamizi wangu anadhani nilivutiwa na mofolojia. Vitabu vya sarufi tulivyosoma sekondari vilitufundisha kwamba -nge- huacha mlango wazi: ningekuwa na pesa ningenunua, na huenda kesho nikazipata. -ngali- huufunga: ningalikuwa na pesa ningalinunua, lakini sikuwa nazo, basi. Katika mazungumzo ya kila siku Wakenya wengi hatuitumii -ngali- kabisa. Tunamwachia -nge- kazi zote mbili. Kwa hiyo mtu akisema mdogo wangu angefika mbali, huwezi kujua kama anamzika au anamngoja. Nadhani Mama naye hajui.

Mwaka 2021 mdogo wangu alivitoa vile viatu msumarini akampa mtoto wa jirani, msichana wa darasa la saba aliyekuwa akikimbia na raba zilizoachama. Hakumwuliza mtu. Mama hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimwambia, “Ulikuwa unajua nimeviweka kwa nini.” Yeye akajibu, “Najua, Mama. Ndiyo maana nimevitoa.”

Agosti mwaka huohuo mashindano ya dunia yalirudi Kasarani, safari hii ya chini ya miaka 20, na kwa sababu ya korona viti vilikuwa karibu vitupu. Niliangalia kwa simu. Emmanuel Wanyonyi, kijana wa kwetu Trans Nzoia aliyewahi kuacha shule akachunga ng'ombe, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:43.76 akiwa na miaka kumi na saba. Letsile Tebogo wa Botswana alishinda mita 100. Miaka mitatu baadaye wote wawili walikuwa mabingwa wa Olimpiki, Paris. Nilishangilia kama kila mtu. Lakini jicho langu limeshaharibika. Mbio zikiisha, huwatafuta wale waliobebewa vikapu nyuma ya mshindi, na siku nyingine usiku hufungua orodha za matokeo ya 2017 na kuyafuata majina mmoja mmoja. Wengi nimekuta muda wao bora kabisa ni wa wiki ile ya Julai. Baada ya hapo hakuna kitu. Sisemi walipotea. Wako mahali fulani, ni wauguzi, madereva, mama, wana mikopo. Ni orodha tu iliyoacha kuwafuata.

Kiswahili kina neno jingine, na sijasikia mtangazaji akilitumia uwanjani. Limbuko ni zao la kwanza la msimu, lile linaloletwa nyumbani na kuliwa kabla ya mavuno yote. Wakati wa limbuko hakuna anayejua kama mvua itaendelea au viwavi watavamia shamba. Watu wanakula tu, na siku hiyo ni sikukuu. Mavuno yakiharibika baadaye, hakuna anayesema mahindi yale mabichi hayakuliwa.

Mwaka 2026 Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangwa kufanyika Dakar, Senegal, kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 13. Ni mara ya kwanza kwa mashindano ya Olimpiki ya aina yoyote kuletwa Afrika. Iliahirishwa kutoka 2022, na ninapofikiria hilo huwafikiria waliokuwa na miaka kumi na saba 2022. Miaka minne kwa mtu mzima ni subira. Kwa mtoto wa umri huo ni kila kitu. Hawakushindwa na mtu yeyote, umri tu uliwapita. Sijui lugha yetu itawawekea kiambishi gani.

Mdogo wangu sasa ana duka la agroveti mjini Kitale, kwa ubia na rafiki yake. Anauza mbegu, dawa za kupe, chakula cha kuku. Anajua ni mbegu ipi inafaa udongo upi na humkemea mkulima anayenunua kwa kufuata rangi ya pakiti. Wiki iliyopita nilimpigia kumwomba ruhusa ya kumwandika humu. Alinyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia vifaranga.

“Utaweka jina?”

“Sitaweka.”

“Muda wangu je?”

“Nimeuweka.”

“Umeandika ngapi?”

“Mbili nane nukta nne.”

“Na kwamba kona ya pili haikuwa na mistari?”

“Nimeandika.”

“Haya,” akasema, na nikamsikia akimgeukia mtu. “Karibu, Mama. Ya broila au ya kienyeji?”